Mstari Mfupi na Zeze la Nyuzi Mbili

Nikiwa mwaka wa pili niliandika insha ya semina kuhusu wimbo mmoja wa Kigogo, nikapata alama nzuri, na hoja yangu kuu ilikuwa ya uongo. Makala hii inaeleza jinsi nilivyoligundua kosa hilo kwa njia ambayo haimo katika mihutasari yetu ya fasihi simulizi: kwa kuchonga fimbo, kuwamba ngozi na kulinganisha nyuzi za zeze kwa mikono yangu mwenyewe. Anayetaka uhakiki mtupu itabidi avumilie habari za ngozi ya mbuzi na waya wa breki. Anayetaka kuunda zeze naye atavumilia habari za mizani. Mimi nimejaribu kuvitenga vitu hivi viwili nikashindwa.

Kosa lenyewe

Wimbo ni wa babu yangu. Kwa hesabu kamili za ukoo yeye ni mdogo wa babu mzaa mama, lakini kwetu babu ni babu. Anaishi kijijini nje ya mji wa Dodoma, na wimbo unahusu ng'ombe dume aliyeuzwa mwaka 1974, wakati wa upungufu mkubwa wa chakula nchini. Binamu yangu alikuwa ameurekodi kwa simu kwenye shughuli moja ya nyumbani. Nikakaa na ile rekodi usiku kadhaa, nikaandika maneno, nikatafsiri, nikahesabu.

Kila ubeti una mistari mitatu. Miwili ya kwanza ina silabi nane nane. Wa tatu una tano. Sasa, sisi tuliosoma Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi za mwaka 1954 tunahesabu silabi hata usingizini, ingawa tunajua vizuri kwamba sheria zile hazikutungwa kwa ajili ya nyimbo za Wagogo, na kwamba tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 tumekuwa tukibishana kama zina nguvu hata kwa Kiswahili chenyewe. Hata hivyo upungufu wa silabi tatu, tena kila ubeti, haukuonekana kuwa bahati mbaya. Nikaandika kwamba mstari unakatika kama ghala lilivyokatika. Kwamba upungufu wa mizani ni taswira ya njaa. Kwamba hapa fani imebeba maudhui mgongoni. Mwalimu akatia alama ya vema pembeni.

Likizo ilipofika nikampelekea babu insha yangu. Baada ya mbukwenyi na habari za safari, nikamsomea, nikimtafsiria pale palipohitaji. Alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha upande wa sikio linalosikia. Nilipofika kwenye njaa ya mizani alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mimi sijui kumaliza mstari?"

Akatoa zeze ukutani, akaimba ubeti wa kwanza. Mstari wa tatu ukafika silabi ya tano, mdomo ukafungwa, na upinde ukapita mara tatu: sauti ya juu, ya chini yake, ya chini zaidi. Kisha ubeti wa pili. Nilikuwa nimezisikia sauti zile tatu kwenye rekodi, tena mara nyingi tu, lakini kwenye daftari nilikuwa nimeziita "ala" na kuziweka nje ya ubeti, kama mtu anavyoandika "makofi" au "vicheko". Tano na tatu ni nane. Mstari haukuwa na njaa yoyote.

Nikamuuliza zile tatu zinasema nini. Akanijibu kwa ule utani wa babu na mjukuu, lakini hakuwa anatania: "Tengeneza la kwako. Likisema, utasikia."

Lazima niseme pia, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisirudi chuoni wiki ile kama nilivyopanga, kwamba kidole chake cha pili cha mkono wa kushoto hakikunji tena vizuri, na kwamba katika nyumba zetu zote pale hakuna mwingine mwenye zeze.

Kibuyu, ngozi, fimbo

Kwanza tuelewane juu ya chombo. Kamusi hukutosheleza kwa kukuambia kwamba zeze ni ala ya nyuzi, na utata unaanzia hapo hapo, kwa sababu pwani jina hilo limetumika pia kwa ala ya ubao bapa wenye vipandio vya kubonyezea, kibuyu kikiwa nyuma, ambayo hukwangurwa kwa vidole. Zeze la Wagogo, izeze kwa Kigogo, ni la upinde. Lina kibuyu kilichowambwa ngozi, fimbo iliyopenya kibuyuni, na uzi mmoja, au miwili, au zaidi. Wengi wetu tulilijua kupitia kwa Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ambaye mazeze yake ya nyuzi nyingi yalifika majukwaa ya nje mpaka watu wakadhani zeze limezaliwa jukwaani. La babu lina nyuzi mbili, nami nikaliiga kipimo kwa kipimo.

Kibuyu nilipewa na bibi, mke wa babu, kutoka darini. Kisiwe kinene: kinene hakiumi haraka lakini sauti inabaki ndani. Kikiwa chembamba mno hulia sana halafu siku moja ukikiweka chini vibaya kinapasuka. Nilikikata mdomo upana wa kama sentimita 18 kwa kipande cha jani la msumeno, nikakwangua utando wa ndani kwa kijiko, nikatoboa tundu dogo nyuma, linalokaa tumboni kwa mpigaji. Tundu hilo si pambo. Ukilibana tumboni sauti inazama, ukiliachia inafunguka, na babu anaachia mwishoni mwa mstari wa tatu tu. (Hili nalo halikuwamo kwenye insha.)

Ngozi ni ya mbuzi mdogo. Inalowekwa, inakwanguliwa manyoya, inatandazwa ikiwa mbichi juu ya mdomo wa kibuyu na kubanwa pembeni kwa vijiti vidogo vya mti mgumu vilivyochongwa kama miiba. Hapa ndipo nilipoharibu ya kwanza. Nilivuta kwa nguvu zangu zote nikidhani mkazo ndio ubora, halafu nikaiweka juani ikauke upesi. Ngozi inaponyauka inajivuta yenyewe. Nguvu yangu ikajumlishwa na nguvu ya jua, na kufika jioni ilikuwa imechanika kuanzia kwenye vijiti. Ya pili niliivuta kiasi cha kuondoa mikunjo tu, ikakaa kivulini siku tatu. Ukiigonga kwa ukucha ilijibu kama mlango wa mtu aliye nyumbani.

Fimbo inapita kibuyuni upande hadi upande, chini kidogo ya ngozi, na kuchungulia upande wa pili ili nyuzi zifungwe hapo. Juu kuna vigingi viwili. Matundu yake nilitoboa kwa spoku ya baiskeli iliyochomwa motoni, kisha nikayapanua upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu kigingi kinatakiwa kichongoke: kikianza kuteleza unakisukuma ndani na kinauma tena. Kigingi kilichochongwa sawasawa kama penseli hakishiki kamwe. Nililazimika kuvichonga upya mara mbili.

Nyuzi zamani zilikuwa za mishipa ya mnyama. Babu anatumia waya wa breki ya baiskeli, ambao ukiufumua unakupa nyuzi nyembamba nyingi, kila moja ikiwa imejikunja kama nywele iliyosukwa. Usipoinyoosha kwanza kwa kuivuta polepole juu ya ukingo laini, kila kikunjo kinakuwa mahali pa uongo: unabonyeza hapa, sauti inatokea pale.

Nyuzi hazigusi ngozi moja kwa moja. Zinabebwa na kijiti kifupi kilichosimamishwa katikati ya ngozi, kipande cha bua la mtama lililokauka. Sisi wajukuu tulikiita punda, na jina limebaki. Bua ni jepesi, na wepesi ndio unaotakiwa. Nilijaribu la mninga kwa kuwa lilipendeza, zeze likanyamaza kama limepewa barua ya onyo.

Upinde ni ufito wa mkole na nyuzi za mkonge. Kuhusu utomvu wa kupaka mkonge nitasema jambo moja tu ili mtu asipoteze siku mbili kama mimi: gundi ya mgunga haifai. Inakauka kama kioo na upinde unateleza juu ya waya kimya kimya. Kinachofanya uzi ulie ni kushikwa na kuachiwa, kushikwa na kuachiwa, mara nyingi katika sekunde moja, na kwa hiyo panatakiwa utomvu unaonata kwa joto la msuguano. Wa msonobari, nilioletewa na rafiki yangu wa Mafinga, ulifanya kazi mara moja.

Milimita tisa

Zeze likawa tayari kwa macho. Kulinganisha nyuzi kukachukua muda mrefu kuliko kuunda.

Tatizo la kwanza ni kwamba ngozi inabonyea. Unakaza uzi wa kwanza hadi unapotaka, unakwenda wa pili, unaukaza, unarudi wa kwanza: umelegea. Hukuugusa, lakini mkazo wa wa pili umemshindilia punda chini, na kwa hiyo wa kwanza umepoteza mvuto. Ni kama kugawana kitanda kifupi. Lazima uzunguke mara tatu, nne, kila mara tofauti ikipungua, mpaka zote mbili zikubaliane na ngozi.

Tatizo la pili lilikuwa kujua ninatafuta nini. Mimi nilikwenda kwa kijana mmoja mpiga gitaa pale kijijini, tukazipatia nyuzi zangu sauti kutoka kwenye gitaa lake. Wa pili ukawa juu ya wa kwanza kwa ule umbali ambao wapiga gitaa wote wanaujua kwa sikio. Tukaweka na alama za kalamu kwenye fimbo mahali pa kubonyeza kila sauti. Nikaenda kwa babu nikiwa nimejiamini. Nikapiga zile sauti tatu za mwisho wa mstari.

Babu akasikiliza. "Hili limekwenda shule," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Bibi alikuwa jikoni, mlango wazi. Hakusema lolote. Wakati ule sikujua kwamba kimya chake nacho kilikuwa jibu.

Ili kueleza kilichokosekana inabidi niingie kidogo katika elimu ya sauti, na ndugu zangu wa fasihi wanisamehe. Uzi unapotetema hautoi sauti moja. Unatetema mzima, na papo hapo nusu kwa nusu, theluthi kwa theluthi, robo kwa robo, na kuendelea. Na kila mgawanyo una sauti yake ndogo juu ya ile kubwa. Ukiugusa uzi kwa wepesi katikati, bila kubonyeza, unazima zote isipokuwa zile zinazokubali kugawanywa hapo, na unasikia kifilimbi. Ukigusa kwenye theluthi, kifilimbi kingine. Hii ni ngazi ya asili, haikutungwa na mtu. Watafiti wa muziki, akiwamo Gerhard Kubik, wameeleza kwamba mfumo wa sauti wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo, takriban kuanzia sauti yake ya nne hadi ya tisa.

Gitaa limejengwa juu ya mpango tofauti. Umbali kutoka sauti fulani hadi mwenzake wa juu umekatwa hatua 12 zilizo sawa kabisa. Mpango huu una faida zake, na sina ugomvi na wapiga gitaa. Sauti nyingi za ngazi ya asili zinaangukia karibu na hatua hizo. Ya saba haiangukii. Imekaa chini ya hatua iliyo jirani yake kwa karibu theluthi moja ya hatua, na kwa sikio lililozoea gitaa inasikika kama kosa.

Zeze letu lina sentimita 56 kutoka punda hadi kitanzi cha juu kinachozibana nyuzi kwenye fimbo. Tuite uzi wa kwanza, ukiwa wazi, sauti ya nne. Wa pili ukiwa wazi ni ya sita. Katika uzi wa pili, kwa hesabu, ya saba iko sentimita 8 kutoka kitanzini, ya nane 14, na ya tisa 18.7 hivi. Mwisho wa mstari wa babu ni tisa, nane, saba. Sasa alama ya kalamu ambayo mimi na mpiga gitaa tuliiweka kwa ajili ya sauti ile ya mwisho ilikuwa karibu sentimita 8.9. Tofauti ni milimita tisa, ambayo ni pungufu ya upana wa kidole changu kidogo.

Nikaomba ruhusa kupima zeze la babu. Halina alama yoyote iliyochorwa, lakini fimbo yake ina mabaka meusi yaliyoachwa na jasho na mafuta ya vidole kwa miaka mingi. Mabaka yalikuwa karibu mno na hesabu yangu, ila yote yamesogea nyuma kidogo kuelekea kitanzini, na hili lilinisumbua siku nzima mpaka nikalielewa: kidole kinapokandamiza uzi ulio hewani kinauvuta pia, na kuuvuta kunapandisha sauti, kwa hiyo mpigaji anarudi nyuma kidogo kufidia. Babu hakuwahi kuhesabu chochote. Alikuwa amefuta kosa hilo kwa ngozi ya vidole vyake.

Basi nikayafuta ya kalamu, nikaanza upya kwa njia aliyonionyesha. Unaugusa uzi wa kwanza kwenye theluthi, unaugusa wa pili katikati. Kama nyuzi zimelingana inavyotakiwa, vifilimbi viwili ni sauti moja. Kama hazijalingana utasikia sauti ikitikisika, wa-wa-wa-wa, kama mtu anayezungumza akiwa juu ya trekta. Unazungusha kigingi kidogo. Mtikisiko unapungua kasi: wa, wa, wa. Kidogo tena. Waaa. Halafu unatulia, na kibuyu chote kinakuwa kama kimepumua. Mtikisiko wa mara tatu kwa sekunde maana yake ni kwamba sauti mbili zinapishana mitetemo mitatu kwa sekunde, na hakuna sikio linalohitaji kuambiwa hivyo ili lisikie kwamba jambo limetulia. Kwa marekebisho madogo ambayo kigingi cha mti hakiyawezi, unamsogeza punda mguu mmoja, akae mshazari kidogo. Uzi mmoja unafupika kwa unywele, mwingine unabaki.

Jioni ile sikwenda kwa babu. Nilikaa nje ya jiko nikiuchezea mstari wa tatu peke yake, silabi tano kwa mdomo, kisha upinde: tisa, nane, saba. Mara ya pili au ya tatu, bibi akaitikia kutoka ndani. Alitamka jina, la silabi tatu. Alilitamka jinsi mtu anavyojibu anapoitwa, bila kufikiri, halafu kukawa kimya na mlio wa mwiko ukakoma.

"Mume wangu," akasema baadaye akiwa mlangoni, maana ndivyo anavyotuita wajukuu wa kiume, "nani kakupa jina la yule?"

Sitaki kudai kwamba milimita tisa peke yake ndizo zilizomfanya aitikie. Huenda mkono wangu wa upinde nao ulikuwa umepata utulivu ambao mara ya kwanza haukuwapo. Lakini ninajua kwamba kwa sauti za gitaa bibi alisikia kijana anayejifunza, na kwa sauti hizi alisikia jina la ng'ombe aliyetoka zizini mwaka 1974.

Nikamuuliza babu kwa nini halitamki. "Jina la ng'ombe aliyekwenda huliiti kwa mdomo," akasema. "Atageuka arudi, akute zizi halipo." Kwa hiyo nami sitaliandika hapa.

Pwani

Nililileta zeze Dar es Salaam mgongoni, limefungwa kwa kanga. Wiki ya kwanza likafa. Dodoma ni kukavu, na ngozi iliyokaukia kule ilikuwa imezoea hewa ile. Huku ilinyonya unyevu wa bahari, ikalegea, punda akazama, nyuzi zikashuka zote mbili na wala hazikushuka sawa. Wenzangu bwenini walilisikia kwa mara ya kwanza likiwa katika hali hiyo na wakanipongeza kwa adabu. Siku hizi kabla ya kupiga ninaliweka juani robo saa, au usiku ninalisogeza kwenye balbu ya taa ya mezani, si karibu sana, mpaka ukucha upate jibu. Kisha ninazunguka vigingi mara tatu, nne. Masika ni taabu tupu.

Ninalitaja hili kwa sababu lina uzito kwa watafiti wanaohifadhi nyimbo. Mpigaji akisafirishwa hadi mjini, akarekodiwa kabla ngozi haijapata joto, sauti ya saba aliyoitoa si ile aliyoikusudia. Yeye atajua. Rekodi haitajua, na mwanafunzi atakayeisikiliza miaka 30 baadaye akiwa na kalamu na daftari atajua kidogo zaidi.

Najua nitaambiwa kwamba haya si mapya. Ni kweli. Mulokozi katika makala yake ya Mulika mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati, si maneno yanayoelea. Kabla yake, Ruth Finnegan mwaka 1970 alikwisha onya kuhusu kuyasoma maneno bila utendaji. Sote tumeyanukuu mawazo haya kwenye mitihani. Mimi niliyanukuu kwenye insha hiyo hiyo iliyoacha nje silabi tatu! Tatizo ni kwamba tukishataja "utendaji" kwenye utangulizi tunajiona tumelipa deni, na aya inayofuata tunarudi kuhesabu maneno. Ala tunaipa kazi ya kuburudisha, kuvuta hadhira, kumpumzisha mwimbaji. Katika majibu yetu ya mitihani dhima hizi hufuatana kama abiria kwenye foleni. Ni mara chache tunauliza kama ala imechukua neno, na neno gani.

Wahaya wametutangulia hapa kwa jina tu. Nanga kwao ni ala ya nyuzi, na nanga ni utanzu wa tenzi zinazoghaniwa kwa ala hiyo, zile ambazo Mulokozi aliziandikia tasnifu ya udaktari mwaka 1986. (Mwanafunzi wa pwani akisikia nanga anafikiria meli, na hilo limewahi kuleta kichekesho kwenye semina yetu.) Katika lugha ambayo utanzu na chombo vina jina moja, mhakiki angeona aibu kidogo kuchambua cha kwanza bila kujua cha pili kinashikwaje.

Sisemi kila anayesoma fasihi simulizi achonge kibuyu. Wengine wangekatwa vidole. Nasema kwamba katika wimbo wa ala, kabla ya kuandika kuwa mstari umepungua, ni vizuri kwanza kumuuliza aliyeupiga, na kama hayupo, kumuuliza anayepika jirani na mahali ulipokuwa ukipigwa.

Nimebaki na shida ya uandishi. Nilipoiandika upya matini ya wimbo ili niirudishe kwa mwalimu, sikujua zile pigo tatu niziwekeje. Nikiandika jina, nimevunja mwiko wa babu. Nikiandika namba, msomaji atadhani ni tanbihi. Nikiacha nafasi wazi, narudia kosa la kwanza. Mwishowe nimechora vistari vitatu, cha kwanza juu, cha pili chini yake, cha tatu chini zaidi, mwishoni mwa kila ubeti, na maelezo ukurasa wa nyuma.

Mwalimu amenirudishia juzi. Hakuigusa ile alama ya zamani. Pembeni ya ubeti wa kwanza ameandika kwa penseli: mstari wa tatu una mizani ngapi? Nikajibu chini yake, kwa penseli pia: nane. Ameniambia niende na zeze siku ya semina. Ni saa mbili asubuhi, na wiki hii mvua imenyesha kila siku, kwa hiyo nitahitaji kufika mapema na kutafuta pa kulipasha moto.